Bwana wa Nguo Nyeusi: kisa cha Irma Stern, Unguja na jiko la London

Picha ilikuwa jikoni, katika fleti moja ya London. Wenye nyumba waliifanya ubao wa kubandikia: barua, kadi za posta, bili zinazosubiri kulipwa, vyote pale pale, na nyuma ya makaratasi hayo ametulia mwanamume wa Kiarabu aliyevaa nguo nyeusi. Mtaalamu wa nyumba ya mnada ya Bonhams, aliyekuja kuthamini vitu, akaingia jikoni na kuutambua mkono wa mchoraji. Septemba 2015 picha ikapigwa mnada, ikaondoka kwa pauni 842,500.

Inaitwa Arab in Black, yaani Mwarabu Aliyevaa Nyeusi. Ilichorwa Unguja mwaka 1939, na aliyeichora ni Irma Stern wa Cape Town, mwanamke ambaye leo kazi zake ni miongoni mwa ghali kabisa zilizowahi kutoka Afrika Kusini. Magazeti yaliyoandika habari hii yalifurahia jiko na bei, na siwalaumu, kichekesho ni kichekesho. Lakini mtu wa pwani akiiangalia picha hiyo, swali la kwanza kumjia ni lile tunalomuuliza yeyote anayepita mbele ya baraza: huyu nani, wa nani, wa mtaa gani? Picha inajibu kwa kabila lake na rangi ya nguo zake. Basi.

Kisa hiki kinafaa kufuatwa tangu mwanzo, kwa sababu ndani yake uhamiaji umekunjwa mara kadhaa kama shuka: wa mchoraji, wa picha yenyewe, wa mbao zilizogeuzwa fremu, na mwishoni wa watu waliochorwa.

Irma alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1894 huko Schweizer-Reneke, kijimji cha Transvaal. Baba yake, Samuel Stern, alikuwa mfanyabiashara. Yeye na mkewe Henny walikuwa Wayahudi wa Ujerumani waliokuja kutafuta riziki. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipozuka mwaka 1899, Waingereza wakamtia Samuel kizuizini kwa kuwaunga mkono Makaburu. Mama akawakusanya watoto, akashuka nao Cape Town, kisha familia ikaelekea Ujerumani. Waandishi wa maisha yake husema kwamba familia "ilirudi" Ujerumani. Waliorudi ni wazazi; Irma alikwenda. Miaka iliyofuata waliendelea kuvuka bahari huku na huku, na mtoto akakua ana kwao kuwili, jambo ambalo watoto wa wahamiaji wanajua ni karibu sawa na kutokuwa na kwao.

Mwaka 1913 aliingia shule ya sanaa Weimar, kisha akahamia Berlin, na huko Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta. Mwaka 1916 alichora picha aliyoiita Mtoto wa Milele: msichana aliyekonda, macho makubwa, uso wa mji wenye njaa. Mwalimu wake, Martin Brandenburg, hakuipenda hata kidogo. Irma akaichagua picha, akamwacha mwalimu.

Aliyempokea ni Max Pechstein, aliyetoka katika kundi la wachoraji lililojulikana kama Die Brücke. Watu hawa walishikilia kwamba rangi haidaiwi na maumbile: uso unaweza kuwa wa kijani ikiwa kijani ndicho kinachosema kweli ya mtu huyo. Mtindo huo ndio ekspreshonizimu, na Irma aliushika mzima, hakuuonja tu. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Novembergruppe, umoja wa wasanii ulioundwa Berlin mwaka 1918, na mwaka uliofuata akafanya maonyesho yake ya kwanza katika nyumba ya sanaa ya Fritz Gurlitt. Ana miaka 24, mwanamke, katika mji uliotoka kushindwa vita. Si jambo dogo.

Pechstein alimpa na kitu kingine, na kwangu hiki ndicho ufunguo. Mwaka 1914 mwalimu huyo alikuwa amesafiri hadi visiwa vya Palau, koloni la Wajerumani katika Bahari ya Pasifiki, kutafuta watu wanaoishi nje ya viwanda na saa za ukutani. Vita vilimkatiza, akarudi na imani kwamba pepo ipo, iko mahali fulani kusini, inamsubiri mchoraji. Mwanafunzi wake alikuwa na faida asiyokuwa nayo mwalimu: pepo hiyo, kwa hesabu za Berlin, ndiyo bara alilozaliwa.

Mwaka 1920 akarudi Cape Town pamoja na wazazi wake. Mwaka 1922 akaonyesha kazi zake katika nyumba ya sanaa ya Ashbey. Mji ulikuwa umezoea mandhari za mlima na vyungu vya maua vilivyochorwa kwa adabu, ukashtuka. Magazeti yakamkejeli kwamba ameufanya ubaya kuwa dini. Malalamiko ya utovu wa maadili yakafika polisi, nao wakaja kukagua. Berlin alikuwa binti kutoka Afrika, na hilo lilimpa ladha ya ugeni iliyouzika. Cape Town akawa Mjerumani aliyeleta vituko vya Ulaya. Miaka mitano baadaye, 1927, alipata tuzo ya heshima katika maonyesho ya kimataifa ya Bordeaux, na kejeli zikaanza kupungua. Miji ya kikoloni ndivyo ilivyokuwa: haimjui msanii wake mpaka isikie Ulaya imesemaje.

Aliolewa mwaka 1926 na Johannes Prinz, aliyewahi kuwa mwalimu wake na ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Waliachana mwaka 1934. Kwa kisa chetu nyumba ni muhimu kuliko ndoa: The Firs, mtaa wa Rosebank, ambako Irma aliishi tangu 1927 mpaka kufa kwake. Tutairudia, kwa sababu ya mlango wake.

Wakati huohuo Ujerumani ilijifunga. Baada ya Hitler kushika nchi mwaka 1933, Irma alikataa kukanyaga huko muda wote wa utawala wa Wanazi. Mwaka 1937 kazi za Pechstein mwenyewe ziliwekwa katika maonyesho ya Wanazi ya kuidhalilisha sanaa waliyoiita iliyooza. Hivyo mwanamke huyu, aliyekuwa mhamiaji kwa kuzaliwa, sasa akawa mhamiaji kwa lazima. Nyumba moja kati ya mbili ilikuwa imeungua.

Ikabaki pepo. Katika miaka ya 1920 alikwenda kuitafuta Natal, Swaziland, Pondoland. Alichora wanawake na matunda, miili iliyonyooka, majani mapana, rangi zinazowaka. Kisha miaka ya 1930 akaanza kulalamika hadharani kwamba wenyeji wamebadilika, wameuacha urembo wao wa asili, wameukubali ustaarabu wa kizungu na kuvaa nguo zake.

Hapa ndipo ninapogombana naye. Mwanamume wa Pondoland hakuvaa suruali kwa sababu amechoka kupendeza. Kulikuwa na kodi ya kulipa, na fedha ya kodi ilikuwa migodini Johannesburg, chini ya ardhi. Irma aliiona suruali, kodi hakuiona. Au aliiona akaamua haichoreki. Msanii wa kisasa aliyethubutu kuchora njaa ya mtoto wa Berlin mwaka 1916 hakuthubutu kuichora njaa iliyokuwa katika nchi yake mwenyewe, na sidhani kwamba ni macho yaliyomkosa. Berlin alikuwa na deni la kusema kweli. Afrika aliipa kazi ya kumfariji.

Basi akaanza kwenda mbali zaidi: Dakar mwishoni mwa miaka hiyo, kisha, mwaka 1939, Ulaya ikiingia vitani, Unguja.

*

Yeyote aliyeitafuta pepo isiyoguswa na dunia, Unguja ilikuwa mahali pabaya pa kuja. Dunia nzima ilikuwa imeshapita hapo. Waingereza walikuwa wasimamizi tangu 1890, Seyyid Khalifa bin Haroub alikuwa kitini tangu 1911, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe walipishana Washihiri, Wangazija, Wamanyema, Wagoa, Mabohora, Mabaniani na Waomani wa vizazi vitano, kila mmoja na nasaba yake, kila mmoja anajua nani amsalimie kwanza. Jahazi ziliingia na kaskazi na kuondoka na kusi. Karafuu ilikuwa na bei yake London. Wenyewe waliukaa mji kwa mahesabu, si kwa kupendeza.

Na hapo ndipo Irma alipochora vizuri kuliko popote. Wapo wanaopenda zaidi kazi zake za Kongo, alikokwenda mwaka 1942 na kurudi 1946. Mimi nachagua Unguja, 1939 na safari ya pili ya 1945. Linganisha picha za Natal na za Unguja. Kule mtu ni sehemu ya shamba, amewekwa kati ya mgomba na kikapu. Hapa mtu amejaa fremu yote, kifua na kilemba, hakuna mti wa kumsaidia. Rangi ni nzito, brashi imeacha matuta kama ya shamba lililolimwa karibuni, lakini chini ya matuta hayo mna uso unaofikiri. Baadhi yao wanatazama pembeni, kwa uchovu wa mtu mwenye shughuli aliyekubali kumpa mgeni saa moja.

Sababu, nadhani, ni hao waliokaa. Mwanazuoni au mfanyabiashara wa Mji Mkongwe hakuwa mtu wa kuambiwa simama hapa shika boga. Alikuja na joho lake, na cheo chake, na alijua kuketi. Mchoraji aliyekuja kuchora maumbile akakuta watu, na mkono wake, uliokuwa mwaminifu kuliko mawazo yake, ukawachora watu.

Kisha akawapa vichwa vya picha.

Chukua ile iliyo maarufu kuliko zote, ya mwaka 1945: Arab Priest, Kuhani wa Kiarabu. Mwislamu yeyote akisoma maneno hayo anajua kuna kitu hakikukaa sawa. Uislamu hauna kuhani. Unguja kulikuwa na imamu, khatibu, kadhi, shehe wa twarika, maalim wa chuo anayefundisha watoto juzuu kwa bakora na mapenzi. Kila neno lina kazi yake na heshima yake, na mtu angekasirika kuitwa asilokuwa. Neno lililotumika si la Unguja. Ni la mnunuzi wa Cape Town na Johannesburg, ambaye ilimtosha kujua kwamba mwenye kilemba ni mtu wa dini. Ile nyingine ya 1945, Bahora Girl, Msichana wa Kibohora, imekaribia zaidi, kwa kuwa angalau jamaa walijiita hivyo. Lakini msichana mwenyewe naye alikuwa na baba, na baba alikuwa na duka, na mtaa mzima ulimjua binti huyo kwa jina.

Mtu anaweza kumtetea Irma: ndivyo walivyofanya wote wakati ule. Utetezi huo unavunjika ukitazama kazi zake nyingine. Freda Feldman, rafiki yake wa Johannesburg, alipochorwa alichorwa akiwa Freda Feldman. Jina liliandikwa. Kwa hiyo mchoraji alijua kwamba picha ya mtu huhitaji jina. Alijua pia ni nani asiyelihitaji.

Nisimkaange mzimamzima. Mwaka 1948 alichapisha kitabu, Zanzibar, maandishi na michoro yake mwenyewe, kama alivyofanya na Congo mwaka 1943, na anayesoma anaona mtu aliyeupenda mji kwa pua na macho: harufu, vitambaa, kelele za harusi. Mapenzi yalikuwepo. Ni mapenzi ya mgeni aliyekaribishwa kahawa, akaisifu kahawa, akausifu mkono wenye buli, akaondoka bila kuuliza mwenye nyumba anaitwaje.

*

Sasa fremu. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana nimekulia karibu na milango na siwezi kupita haraka.

Picha kadhaa za Irma za Unguja zimezungushiwa mbao za nakshi za Zanzibar, zile za kuzunguka milango. Kama hujawahi kuusogelea mlango wa Mji Mkongwe, jua kwamba mlango wenyewe, zile mbao mbili zenye njumu za shaba, huwa ni sehemu ya kazi tu. Kazi kubwa iko pembeni na juu: miimo miwili na kizingiti cha juu, na katikati mfaa, ule mti wima unaoziba pale mbao mbili zinapokutana. Hapo ndipo fundi anapotoa ufundi. Mnyororo hupanda ukingoni, husemwa ni wa kuzuia shari isiingie. Chini mara nyingi utaona mawimbi au samaki, juu yake majani na mayungiyungi, na kwenye kizingiti pengine aya, pengine mwaka wa Hijria nyumba ilipojengwa. Mlango ulitengenezwa kwanza, nyumba ikajengwa kuufuata. Ndivyo wazee walivyotuambia, na ukiziangalia baadhi ya nyumba unaamini.

Kwa hiyo ubao wa mwimo si pambo la dukani. Ni utambulisho wa nyumba ya mtu. Irma aliona uzuri wake, na jicho lake halikukosea: rangi zake nzito zinakaa ndani ya nakshi ile kama zilizaliwa pamoja. Dhahabu ya fremu za Ulaya ingezifanya picha hizo zionekane kama wageni waliovalishwa suti ya kuazima. Hata leo, katika orodha za mnada, fremu ya Zanzibar hutajwa kama sifa ya bidhaa.

Lakini angalia kitu kilichotokea. Fundi wa nakshi hakuwa na desturi ya kutia saini. Aliyechorwa hakuandikwa jina. Ukichukua kitu kizima, uso na ubao pamoja, jina moja tu limeandikwa juu yake, kwenye kona, pamoja na mwaka: Irma Stern. Vyote viwili vilivyotoka Unguja vimekuwa malighafi ya jina la tatu.

Na hili halikuwa la Unguja peke yake. Nyumbani kwake Rosebank alikuwa na kigoda cha Waluba kutoka mashariki mwa Kongo, kimebebwa na umbo la mwanamke mwenye uso mrefu wenye huzuni, kazi ya mchongaji anayetajwa katika makumbusho ya dunia kama fundi wa Buli. Buli ni kijiji. Mmoja wa wachongaji wakubwa kabisa wa bara hili anaitwa kwa jina la kijiji, kwa sababu waliobeba vigoda vyake hawakubeba na jina lake. Irma alikiona kigoda hicho kila siku kwa miaka. Na mlango wa mbele wa nyumba hiyo, aliopita kila alipotoka na kila aliporudi, ni mlango wa nakshi wa Zanzibar. Alichora kabati na mbao za ndani za nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe, lakini mlango aliuacha ulivyo.

Mwanamke aliyekuwa na kwao kuwili, kisha kumoja, kisha hakuna, alijijengea kwao kwa vipande vya kwao kwa watu wengine. Hilo nalielewa zaidi kuliko ninavyotaka kukiri.

*

Turudi kwa bwana wa nguo nyeusi, maana safari yake haikuishia Cape Town.

Baada ya 1948 Afrika Kusini ikawa nchi ya ubaguzi wa rangi kwa sheria. Irma wakati huo alikuwa ameshakubaliwa na wote. Nchi ilimpeleka Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa huko Italia, mwaka 1950, 1952, 1954 na 1958. Hakuwa mtu wa siasa. Mwaka 1955 alichora Maid in Uniform, mtumishi wa nyumbani ndani ya sare yake, picha nzuri sana na ya kukaa nayo kwa uangalifu: pale sare ndiyo iliyochukua nafasi ya jina.

Desemba 1956 serikali ikawakamata watu 156, Nelson Mandela akiwamo, kwa mashtaka ya uhaini. Kesi ikavutwa mpaka Machi 1961, wa mwisho wao walipoachiwa. Miaka yote hiyo mawakili walihitaji kulipwa na familia zilihitaji kula. Fedha zilichangwa kwa kila njia, na njia moja ikawa mnada wa sanaa wa hisani. Arab in Black, iliyokuwa mikononi mwa mkusanyaji wa sanaa, ikatolewa mchango. Ikanunuliwa. Fedha ikaenda kwenye utetezi.

Kwa namna hiyo mtu wa Unguja aliyeketi mbele ya mchoraji mwaka 1939 aliingia katika Kesi ya Uhaini upande wa utetezi, bila kuulizwa na bila kutajwa. Katika mambo yote aliyofanyiwa, hili pengine angelikubali. Sifa ya jambo hili si ya Irma. Ni ya aliyetoa na aliyenunua. Walionunua walihamia Uingereza katika miaka ya 1970, wakaipakia pamoja na vyombo vingine, na watoto wakairithi. Hapo ndipo bili za umeme zilipoanza kubandikwa kifuani mwake.

Bei nyingine za miaka michache kabla ya mnada wa 2015 zinaonyesha soko lilivyokuwa limepanda. Bahora Girl iliuzwa Bonhams mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 2.3. Machi 2011 Arab Priest ikafika pauni milioni 3.04, bei ambayo kazi ya Irma haikuwahi kuifikia kabla ya hapo, na mnunuzi alikuwa Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar. Nimeipenda safari hiyo ya mwisho. Bwana wa kilemba aliyeitwa kuhani na Wazungu amefika Doha, mahali ambapo mlinzi wa mlangoni anaweza kusoma kichwa cha picha na kutikisa kichwa.

Irma alikufa Cape Town tarehe 23 Agosti 1966, na The Firs ikageuzwa makumbusho miaka michache baadaye. Miaka miwili na nusu kabla ya kifo chake, Januari 1964, Mapinduzi yalifanyika Unguja. Waarabu wengi waliuawa, wengi wakakimbia: Oman, Dubai, Mombasa, Dar es Salaam, Uingereza. Vilemba na majoho aliyoyachora vikatoweka barazani. Picha zake zikageuka, bila yeye kukusudia, kuwa kumbukumbu ya mji uliovunjika, na wale ambao wangeweza kutazama na kusema "huyu ni fulani bin fulani" wakatawanyika na majina hayo vifuani mwao.

Ndiyo maana lile jiko la London hunirudia. Wazanzibari wamekuwa wakiishi katika mji huo tangu wakati huo huo. Wapo waliofika na sanduku moja. Wazia mmoja wao, bibi wa makamo, anapanda basi kila siku kupita mtaa uleule, na ghorofani, chini ya bili ya gesi, amekaa babu yake.

Kama picha ile ingeletwa Forodhani hata kwa juma moja, nami nikapewa kazi ya kuandika kadi ya pembeni, nisingeandika Mwarabu Aliyevaa Nyeusi. Ningeandika: Bwana, Unguja, 1939. Chini yake ningeacha mstari mtupu na kalamu imefungwa kwa uzi, halafu nikae pembeni na kahawa yangu. Picha hiyohiyo ningeituma Muscat kwa simu. Kule wako akina bibi wanaojua nasaba za mitaa ya Mji Mkongwe nyumba kwa nyumba, kwa Kiswahili cha Unguja kisichochujwa, na nina hakika kabla kahawa haijapoa ujumbe wa sauti ungeingia: "We mwanangu, pua hiyo mbona ya kwetu?"